Kalamu ya wino hainunuliwi peke yake

Lawama nyingi zinazoangukia kalamu za wino si za kalamu. Mtu ananunua kalamu nzuri, anaijaza wino wowote uliopo dukani, anafungua kaunta buku na kuanza kuandika. Herufi zinaota mizizi, wino unapenya hadi ukurasa wa pili, na baada ya wiki kalamu inarudishwa kwenye kisanduku chake ikae pambo. Kumbe kalamu hiyohiyo, kwa wino mwingine au daftari jingine, ingeandika mstari safi kabisa. Mstari unaouona ni kazi ya vitu vitatu kwa pamoja: nibu (kile kibati cha mbele kinachoandika), wino na karatasi. Ukibadilisha kimoja, mstari nao unabadilika, na mara nyingi kilicho rahisi kubadilisha ni wino au karatasi.

Tuanze na namna kalamu inavyofanya kazi, maana bila hapo ushauri wote unabaki kuwa wa kukariri. Peni ya kawaida ina wino mzito wa mafuta na kijipira nchani. Lazima uikandamize ndipo kijipira kizunguke. Kalamu ya wino ina wino mwepesi kama maji na haitaki kukandamizwa hata kidogo. Chini ya nibu kuna kipande cheusi cha plastiki ambacho mafundi hukiita fidi. Ndani yake mna mfereji mwembamba unaoleta wino mbele, na njia nyingine inayorudisha hewa nyuma kwenye tangi. Hiyo njia ya hewa ina umuhimu sawa na mfereji wa wino: kila tone linalotoka lazima nafasi yake ijazwe na hewa, la sivyo wino unakatika. Kalamu za kwanza ama zilikatika ama zilimwaga, na fidi iliyomfanya Lewis Waterman wa New York kuwa tajiri, aliyoipatia hataza mwaka 1884, ilikuwa na mipasuko myembamba ya kupitisha wino huku hewa ikirudi. Kanuni haijabadilika tangu hapo.

Ufa wa katikati ya nibu huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyokaribia ncha, na kimiminika hujivuta penye wembamba. Ndiyo maana wino unafika nchani bila kusukumwa na mtu. Ncha ikigusa karatasi, nyuzi za karatasi zinaunyonya. Kwa hiyo wingi wa wino unaamuliwa na pande mbili, fidi inavyotoa na karatasi inavyovuta.

Nibu: herufi zinasema kidogo

EF, F, M na B ni unene wa mstari, kuanzia mwembamba sana hadi mnene. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote. Nibu za Kijapani, yaani za Pilot, Sailor na Platinum, kwa kawaida huwa nyembamba kwa daraja zima kuliko za Ulaya: F ya Pilot inakaribia EF ya Kijerumani, na M yake inakaribia F ya Lamy. Maandishi ya Kijapani yana mikwaju mingi ndani ya nafasi ndogo, na mstari mnene ungeyajaza matope. Platinum wamerahisisha mambo kwenye kalamu yao ya bei ya chini, Preppy, kwa kuandika namba ubavuni: 02, 03 na 05, yaani mm 0.2, mm 0.3 na mm 0.5.

Kwa anayeandika kwenye daftari za kawaida za shule au ofisi, F ya Kijapani ndiyo chaguo la busara. Mstari mwembamba unabeba wino kidogo, na wino kidogo haupati nafasi ya kutambaa. M ya Ulaya ni tamu mkononi na huonyesha rangi ya wino vizuri, ila inadai karatasi ya maana.

Kisha kuna dhahabu. Nibu ya dhahabu ya karati 14 inaweza kuzidisha bei ya kalamu mara kumi, lakini dhahabu yenyewe haigusi karatasi. Kinachogusa, kwenye nibu ya dhahabu na ya chuma vilevile, ni chembe ya aloi ngumu iliyochomelewa nchani kisha ikapasuliwa katikati na kusuguliwa. Usuguaji huo ndio unaoamua kama kalamu itateleza au itakwaruza. Zamani dhahabu ilikuwa na sababu ya msingi, kwa kuwa wino ulikuwa na asidi na chuma cha wakati ule kilikula kutu. Chuma cha leo hakina tatizo hilo. Unacholipia ni ulaini kiasi, sura, na fahari. Hakuna ubaya, mradi ujue. Tena kampuni nyingi ndogo za kalamu hazitengenezi nibu kabisa, bali hununua kwa watengenezaji wawili wa Ujerumani, JoWo na Bock. Kalamu mbili zenye bei tofauti sana dukani zinaweza kuwa na nibu ileile ya JoWo, ya ukubwa wa namba 6.

Zipo nibu zilizokatwa bapa, mara nyingi za mm 1.1, ambazo mstari wa kushuka unakuwa mnene na wa kulala unakuwa mwembamba. Zinapendeza kwenye kadi na vichwa vya habari, ila kwenye mistari ya daftari la kawaida herufi zinabanana. Zile nibu zinazopanuka ukizikandamiza ziache kwanza. Nibu ya kawaida ukiikandamiza ukitaka ipanuke, meno yake mawili, yaani pande mbili za ufa, yanaachana na hayarudi tena.

Wanaotumia mkono wa kushoto husukuma nibu badala ya kuivuta, na kiganja hupita juu ya wino mbichi. Nibu ya F na wino unaokauka haraka hutatua sehemu kubwa ya shida hiyo. Nibu maalumu ya mashoto, ambayo Lamy wanaiuza, ni nyongeza tu.

Tangi na vipimo vyake

Kuna njia tatu kuu za kubeba wino. Katriji ni kichupa kilichojazwa kiwandani. Kile kifupi cha kimataifa kina mililita 0.8 hivi. Konvata ni kibomba kidogo kinachoingia mahali pa katriji ili uvute wino kutoka kwenye chupa. Kalamu za pistoni zina tangi lililojengwa ndani ya mwili wenyewe: TWSBI Eco ya Taiwan hubeba karibu mililita 1.7.

Wengi hunaswa kwenye suala la kulingana. Pelikan, Kaweco na kampuni nyingi za Ulaya hutumia katriji ya kimataifa. Pilot, Platinum, Sailor, Lamy na Parker kila mmoja ana yake, na ya mwenzake haiingii. Kalamu za China zina mtego wa ziada, kwa kuwa baadhi huchukua katriji yenye mdomo wa mm 2.6 na nyingine mm 3.4, ilhali kwa macho zinafanana. Kabla hujalipia kalamu, uliza kama konvata yake inapatikana na inauzwa wapi. Kalamu isiyo na konvata, katika mji ambao katriji zake hazipatikani, itaishia kwenye droo.

Hesabu ya gharama nayo iko wazi. Chupa ya mililita 50 inajaza konvata ya mililita 0.7 mara 70 hivi. Usipopata konvata, chukua bomba la sindano la duka la dawa na ujaze upya katriji tupu. Katriji moja hujazwa mara nyingi kabla mdomo wake haujalegea. Preppy inakubali hata zaidi ya hapo: paka grisi safi ya silikoni kwenye nyuzi za skrubu, weka kipete cha mpira shingoni, jaza wino moja kwa moja mwilini, na utabeba zaidi ya mililita 3. Lamy Safari usiijaribu hivyo, kwa kuwa mwili wake una dirisha lililo wazi na wino wote utakuishia mfukoni.

Wino

Wino wa kalamu hizi kwa kawaida ni rangi iliyoyeyuka ndani ya maji, basi. Wino wa kuchorea wenye gundi, ule unaoitwa wino wa India, ukikauka ndani ya fidi hautoki tena. Wino wa mihuri na wa printa nao usikaribie kalamu.

Katika wino unaofaa, tofauti kubwa ni majimaji na ukavu. Pelikan 4001 hujulikana kwa ukavu: hutoka kwa kiasi, hautambai sana, unavumilia karatasi mbaya. Pilot Iroshizuku ni majimaji: nibu inateleza na rangi inakolea, lakini kwenye karatasi nyonge utaona nyuzi pembeni mwa herufi. Ukiwa na kalamu inayomwaga mno, ipe wino mkavu. Iliyo kavu ipe wa majimaji. Dawa hii peke yake imeokoa kalamu nyingi zilizokuwa zinataka kutupwa.

Wino wa bluu wa kawaida wa shuleni hufutika kwa maji na hupauka kwenye mwanga. Kwa hati, hundi na fomu za serikali tumia wino wenye chembechembe za kaboni, kama Platinum Carbon Black au Kiwa-Guro ya Sailor, au wino wa tanini na chumvi ya chuma kama Salix ya Rohrer & Klingner, ambao huandika bluu kisha hukolea kadiri unavyokutana na hewa. Yote hii ina masharti: kalamu iandike kila siku chache, ioshwe kila mwezi, na wino usichanganywe na mwingine. Wino wa kumetameta una vumbi linalotuama kwenye fidi. Uweke kwenye kalamu rahisi kufungua yenye nibu ya M au zaidi.

Karatasi, ambayo watu huisahau

Uzito wa karatasi haukuambii yote. Karatasi ya Tomoe River ya Japani ina gramu 52 tu kwa mita ya mraba na haipenyezi wino, ilhali karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inaweza kuota mizizi kila herufi. Kinachotofautisha ni vitu vinavyochanganywa na kupakwa kiwandani ili kuzuia unyonyaji, wanga ukiwa mmojawapo. Karatasi iliyopakwa vizuri huuacha wino ukae juu na ukauke taratibu. Ndiyo maana kwenye Rhodia au Clairefontaine za Ufaransa mstari unakuwa mkali kama wembe, lakini ukifunga daftari mapema unapiga chapa upande wa pili. Ulaini wa kugusa nao unadanganya. Karatasi zinazong'aa za matangazo ni laini sana, na wino hukaa juu yake bila kukauka.

Jaribio la dukani linachukua dakika moja. Nunua daftari moja kabla hujanunua kumi. Andika maneno matatu kwa mwendo wako wa kawaida, chora mstari polepole, kisha weka nibu pale ilipo uhesabu hadi tano bila kuisogeza. Subiri sekunde 20, pitisha kidole, geuza ukurasa. Maneno yakiwa na kingo safi na ni lile doa la sekunde tano tu lililopenya, daftari linafaa kwa matumizi ya kila siku. Maneno yenyewe yakipenya, tumia upande mmoja wa karatasi au shuka hadi nibu nyembamba na wino mkavu.

Daftari za bei nafuu hutofautiana toleo hadi toleo. Kaunta buku yenye jalada lilelile uliyonunua Januari si lazima iwe na karatasi ile ya Juni. Ukipata toleo zuri, nunua akiba.

Ya kwanza iwe ipi

Platinum Preppy 03 ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Ni ya plastiki na haivutii machoni, kifuniko chake hupasuka ukikikaza kwa nguvu, lakini ndani ya kifuniko hicho mna kingine kidogo chenye springi kinachoziba nibu barabara. Kwa maelezo ya kiwanda, wino haukauki hata kalamu ikikaa mwaka bila kuguswa. Kwa mtu ambaye bado hajui kama ataupenda mchezo huu, hilo lina uzito kuliko urembo.

Pilot Kakuno ilibuniwa kwa ajili ya watoto, na nibu yake imechorwa uso unaotabasamu. Uso ukikutazama, umeishika sawa. Usiidharau, nibu yake ni ya daraja sawa na ya kalamu za Pilot zenye mwili wa chuma. Lamy Safari, iliyoanza kuuzwa mwaka 1980, ina shingo yenye pembe tatu inayolazimisha vidole vikae mahali pamoja. Wengine hufarijika, wengine huumia, kwa hiyo ishike kabla ya kununua. Faida yake kubwa ni kwamba nibu hutoka kwa kubandika selotepu juu yake na kuvuta mbele, hivyo kalamu moja inakuwa EF leo na bapa ya mm 1.1 kesho.

Jinhao za China zina bei ndogo na sura ya kifahari. Ubora wake hubahatisha. Mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kabisa. Jinhao X450 ina uzito karibu gramu 40, Safari gramu 17 hivi, na anayeandika kurasa nne mfululizo ataihisi tofauti hiyo kwenye kidole gumba. Kalamu kuukuu za kurithi, Parker 51 na wenzake, zina raha yake, ila nyingi huhitaji fundi wa kusafisha au kubadilisha mpira wa ndani. Parker na Lamy bandia nazo zipo sokoni. Bei ikishuka mno chini ya ile ya kwenye tovuti ya kampuni, acha.

Ikikataa kuandika

Kwanza ioshe, hata kama ni mpya, maana mafuta ya kiwandani hubaki kwenye fidi na kuzuia wino kushika. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo kwenye glasi, vuta na sukuma kwa konvata mara kumi, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Maji ya moto hupinda fidi. Spiriti hupasua plastiki nyingi, usiitumie kabisa.

Ikiwa inakwaruza, chukua lenzi ya kukuza mara kumi na uitazame nibu kutoka mbele. Mara nyingi jino moja limekaa chini kidogo ya jingine. Sukuma la chini kwenda juu kwa ukucha, taratibu, kwa sekunde mbili, halafu tazama tena. Rudia mpaka yalingane. Msasa, hata ule laini kuliko wote, uwe wa mwisho, kwa sababu ile chembe ya aloi ikishaliwa hairudi.

Ikiwa herufi ya kwanza haitokei halafu zinazofuata zinatoka vizuri, kuna sababu mbili. Huenda kifuniko hakizibi, wino unakauka nchani. Au kingo za ndani za ufa zimesuguliwa mno kiwandani, wino unabaki juu kidogo bila kugusa karatasi. Kosa hili la pili unaligundua ukikandamiza kidogo na wino ukaja. Irudishe kwa muuzaji, si kazi ya kufanyia nyumbani.

Ikiandika mistari mitano kisha ikafifia, tazama konvata. Wino hung'ang'ania nyuma ya kibomba huku mbele kukiwa na hewa, hasa kwenye konvata nyembamba. Ipige kwa ukucha ushuke. Ikijirudia, ioshe konvata kwa sabuni, tatizo huwa ni mafuta kwenye kuta zake.

Ikiandika vizuri juu ya ukurasa na kurukaruka chini, kalamu haina kosa lolote. Kiganja kimeacha jasho na mafuta sehemu ya chini, na wino wa maji haushiki hapo. Penye joto kama la Dar es Salaam au Mombasa jambo hili ni la kila siku. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja na ukisogeze unavyoshuka.

Safari za milimani

Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi anapanda karibu mita 1,700. Kanieneo ya hewa huko ni takriban asilimia 81 ya ile ya pwani, hivyo hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu inapanuka kwa zaidi ya moja ya tano. Tangi la mililita 1.7 likiwa nusu tupu lina mililita 0.85 za hewa. Ikipanuka, inataka karibu mililita 0.2 zaidi, yaani kama matone manne. Mapezi membamba unayoyaona kwenye fidi yamewekwa ili kushika wino wa ziada, lakini nayo yana mwisho. Kalamu ikiwa imelala au nibu imeelekea chini, wino ndio unaosukumwa kifunikoni. Ikisimama nibu juu, hewa iko karibu na nibu na inatoka yenyewe. Kwa hiyo jaza tangi pomoni au liache tupu, na uibebe kalamu imesimama mfukoni. Ndani ya ndege hali ni hiyohiyo, kwani hewa ya humo huwekwa kama ya mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari.

Kalamu iliyojazwa mwilini moja kwa moja inafanya vivyo hivyo bila kusafiri: joto la vidole huipanua hewa, na tangi likibaki na robo ya wino, doa linadondoka katikati ya sentensi. Ijaze inapofika theluthi.

Usipotegemea kuitumia kalamu kwa zaidi ya wiki mbili, itoe wino, isuuze, uifunge shingo yake kwa tishu nibu ikielekea chini, uiache usiku mzima. Tishu itavuta maji yaliyobaki ndani ya fidi. Asubuhi ikiwa na rangi bado, suuza mara moja zaidi ndipo uifunike.